Mjomba aliyeuawa Tarawa mwaka 1943: je, DNA ya mama mkwe itasaidia kumpata?

*"Nimeolewa na Mmarekani, tunaishi Ohio. Mjomba wa mama mkwe wangu, yaani kaka wa mama yake, alikuwa askari wa Marine, jeshi la Marekani linaloshambulia kutoka baharini. Aliuawa Tarawa Novemba 1943 akiwa na miaka 19, hakuwa ameoa wala hakuacha mtoto. Familia imetunza telegramu ya kifo na barua ya 1949 inayosema mabaki yake hayawezi kupatikana. Mwezi uliopita mama mkwe, ambaye ana miaka 84, alipigiwa simu na mtu aliyesema anatoka ofisi ya jeshi, akaomba sampuli ya DNA. Mume wangu anasema ni matapeli. Wifi yangu anasema kama ni DNA, watafutwe watoto wa kaka zake marehemu wenye jina la ukoo, na kwamba yeye mwenyewe alishajipima kwenye kampuni ya kupima asili, hivyo majibu yapo. Mama mkwe analia tu. Anasema mama yake alikufa akingoja, na yeye hataki kuanza kungoja upya. Baada ya miaka 80 kumebaki nini cha kupata? Wanangu nao wapimwe? Na mbona sisi wa Tanga tuna babu mdogo aliyekwenda Burma na KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, hakurudi, na hakuna aliyewahi kutupigia simu?"*

Dada yangu,

Umeuliza mengi kwa mkupuo mmoja, na nadhani yote yanatoka kwenye fundo moja. Mwaka 1949 familia iliambiwa kwamba jambo limekwisha, na mama wa mama mkwe wako akajifunza kuishi na jibu hilo hadi akaingia kaburini. Leo mtu anapiga simu na kuzungumza kana kwamba halijaisha. Mama kulia ni haki yake. Ila acha nianze na hiyo simu, maana ndilo jambo la haraka.

Inawezekana kabisa kwamba ni simu ya kweli. Kila tawi la jeshi la Marekani lina ofisi inayoshughulika na familia za waliokufa na waliopotea, na ya Marine iko Quantico, Virginia. Ofisi hizi zinafanya kazi pamoja na shirika la Wizara ya Ulinzi linaloitwa DPAA, lenye jukumu la kutafuta na kutambua wanajeshi waliopotea katika vita vilivyopita. Kwa kuwa wazazi na ndugu wa askari wa 1943 wengi wameshafariki, ofisi hulazimika kufuatilia nasaba hadi kwa wapwa na wajukuu, na kuwapigia simu watu wasiotarajia. Hata hivyo mumeo hakosei kuwa na hadhari. Asitumie namba aliyoachiwa na mpigaji. Atafute mwenyewe namba kwenye tovuti rasmi ya DPAA au ya Marine, apige, ataje jina kamili la mjomba, na aulize kama kweli wanatafuta sampuli za familia hiyo. Ofisi ya kweli haidai hata senti moja, haiulizi akaunti ya benki, na vifaa vya kuchukulia sampuli huvituma bure kwa posta. Ukisikia habari ya ada ya usafirishaji au ada ya kufungua faili, hapo mumeo atakuwa amesema kweli.

Sasa barua ya 1949. Familia nyingi husoma barua hizo na kuelewa kwamba mwili uliteketea au ulizama, hakuna kilichobaki. Sivyo. Ilikuwa hukumu ya kiofisi, iliyotolewa na bodi kwa kuangalia makaratasi na ujuzi wa wakati ule. Ili uelewe kwa nini walihukumu hivyo inabidi ujue yaliyotokea kwenye kile kisiwa.

Mapigano ya Tarawa yalipiganwa hasa Betio, kisiwa chenye urefu wa kilomita 3 hivi na upana usiofika hata kilomita moja, katika nchi ambayo leo ni Kiribati, Bahari ya Pasifiki. Divisheni ya Pili ya Marine ilishuka asubuhi ya tarehe 20 Novemba 1943. Wewe wa Tanga utanielewa haraka nikisema walikuta maji mafu, si bamvua. Maji hayakupanda vya kutosha juu ya mwamba wa matumbawe, mashua zikakwama nje, na vijana wakashuka na kutembea ndani ya maji kwa mamia ya mita, bunduki kichwani, huku wakimiminiwa risasi za bombomu kutoka ufukweni. Vita vilikwisha baada ya saa 76. Upande wa Marekani walikufa Marine na wanamaji wapatao 1,000. Upande wa pili walikuwapo Wajapani na vibarua wa Kikorea wapatao 4,700, na karibu wote walikufa. Jumlisha, kisha ufikirie kisiwa hicho kidogo chini ya jua la ikweta.

Maiti zilizikwa kwa haraka kwa sababu hakukuwa na njia nyingine. Walichimba mahandaki kwa tingatinga, wakatumia hata mashimo yaliyoachwa na mabomu, wakawalaza vijana wamefungwa makoti yao ya mvua, wengine wakiwa na vibati vyao vya utambulisho, wengine bila. Wenzao waliwaombea, wakaweka alama, wakaondoka kwenda vita vingine.

Kilichofuata ndicho kinachoniuma kila ninaposoma mafaili ya Tarawa. Betio iligeuzwa kituo cha ndege za kivita. Vikosi vya ujenzi vilipanua uwanja, vikakata barabara, vikaweka maghala, na katika kupapendezesha mahali pale makaburi yakapangwa upya: misalaba ikasimamishwa kwa safu nzuri zilizonyooka, pengine mbali na miili yenyewe. Hawakuwa na nia mbaya. Walitaka kuwaheshimu wenzao. Lakini kikosi cha kutafuta makaburi kilipofika 1946 kiliwakuta watu wachache mno chini ya misalaba. Mahali pengine walichimba chini ya jina la mtu wakakuta mchanga mtupu, na safu nzima zilizoandikwa kwenye ramani hazikuonekana. Waliondoka na takriban nusu ya waliokuwa wakitafutwa, na kati ya hao wengi hawakuweza kupewa majina. Wasio na majina walipelekwa Hawaii, wakazikwa kwenye makaburi ya taifa ya Honolulu yanayoitwa Punchbowl, kila mmoja chini ya jiwe la asiyejulikana. Kisha bodi ikaketi 1949 na barua zikaanza kwenda kwa akina mama.

Kwa hiyo mjomba yuko katika mojawapo ya sehemu tatu. Huenda bado yuko chini ya Betio. Huenda alichukuliwa 1946 akazikwa Punchbowl bila jina, na kama ni hivyo inawezekana tayari yuko maabara, maana mwaka 2016 na 2017 makaburi zaidi ya 90 ya wasiojulikana wa Tarawa yalifukuliwa ili wachunguzwe upya. Au huenda bahari ilimchukua: wapo walioanguka kwenye mwamba wakasombwa na maji, na wapo majeruhi waliopelekwa melini, wakafia huko na kuzikwa baharini. Hiyo ya tatu ndiyo ambayo DNA haina msaada nayo, na ni vizuri mjue mapema kama ndiyo yake.

Njia ya kujua ni faili. Kila askari aliyekufa vitani alifunguliwa faili la marehemu, na la Marine wa vita vile huombwa kupitia hifadhi ya kumbukumbu za watumishi iliyoko St. Louis, Missouri, au kupitia ofisi ile ile iliyopiga simu. Humo mtakuta kikosi chake, ufuo alioshukia, tarehe, mara nyingi chati ya meno, na pengine mstari mmoja unaosema alizikwa kaburi gani. Huo mstari mmoja una uzito kuliko kurasa zote zinazobaki. Ukisema "alizikwa Betio", matumaini yapo. Ukisema "alizikwa baharini", mtajua la kumwambia mama.

Umeuliza kumebaki nini baada ya miaka 80. Mara nyingi, mifupa. Mchanga wa matumbawe hauna tindikali kali kama udongo wa misitu ya Vietnam, ambao hula mfupa hadi kubaki meno machache tu. Mwaka 2015 shirika lisilo la kiserikali la History Flight lilifukua Betio kaburi lililojulikana kwenye kumbukumbu kama Cemetery 27, lililokuwa limepotea tangu vita. Waliolala humo walikuwa wamelala kwa safu, kama walivyowekwa. Mmoja wao alikuwa Luteni Alexander Bonnyman, aliyepewa Nishani ya Heshima, tuzo ya juu kabisa ya ushujaa ya Marekani, baada ya kufa na ambaye familia yake nayo ilikuwa imeandikiwa kwamba hatapatikana. Meno yake yenye dhahabu ndiyo yaliyomtambulisha kabla ya kitu kingine. Alizikwa kwao Knoxville, Tennessee, mwaka huo huo.

Sasa twende kwenye DNA, maana hapa wifi yako amepata nusu na kukosa nusu.

Ndani ya kila seli kuna DNA za aina mbili zinazotuhusu. Ile ya kwenye kiini, tunayorithi kwa baba na mama, ipo nakala mbili tu kwa seli, na kwenye mfupa mkongwe huwa imekatika vipande vipande. Ya pili iko nje ya kiini, kwenye mitokondria, na nakala zake ni mamia hadi maelfu kwa seli moja. Ndiyo maana mfupa wa mwaka 1943 unaweza kutunyima ile ya kwanza ukatupa hii ya pili. Na hii ya mitokondria hurithiwa kwa mama peke yake. Mama huwapa watoto wote, wa kiume na wa kike, lakini ni binti tu anayeipitisha mbele.

Fuata mstari huo nyumbani kwenu. Bibi mzaa wote aliwapa mjomba na dada yake. Dada akampa mama mkwe wako. Mama mkwe akampa mumeo na wifi yako. Kwa hiyo wote watatu wanabeba mitokondria ile ile aliyokuwa nayo kijana aliyeanguka Betio, ingawa hakuna hata mmoja mwenye jina lake la ukoo. Wanao hawanayo. Wao wamechukua ya kwako, ya akina mama wa Tanga, kwa hiyo msiwasumbue na vijiti vya pamba vya kuchukulia sampuli.

Wifi naye ana hoja kuhusu watoto wa kaka. Watoto wa kiume wa kaka zake mjomba wanabeba kromosomu Y, ile inayotoka kwa baba kwenda kwa mwana, sawa na yake, na maabara huipokea kwa furaha kama ushahidi wa ziada. Kama mnawafahamu, watajeni. Lakini hawachukui nafasi ya upande wa mama, wanauongezea nguvu. Na mama mkwe, kwa kuwa ni mpwa wa damu, anabeba takriban robo ya DNA ya kiini inayofanana na ya mjomba, jambo ambalo mbinu za sasa zinaweza kulitumia. Wajukuu wana pungufu ya hapo. Ndiyo sababu waliomba yeye.

Majibu ya kampuni ya kupima asili hayatumiki hapa. Maabara ya jeshi ya DNA iliyoko Dover, Delaware, inahitaji sampuli aliyopokea yenyewe, yenye karatasi inayoonyesha imetoka kwa nani na ana uhusiano gani na marehemu. Ni kusugua ndani ya shavu kwa dakika chache, kufunga, kurudisha posta. Hutumika kutambua waliopotea, na hamtaletewa habari zozote za magonjwa yenu.

Nisiwadanganye kwamba DNA peke yake humaliza kazi. Mitokondria si alama ya mtu mmoja. Watu wengi wasiojuana wanaweza kuwa na aina moja. Inafanya kazi kubwa ya kuondoa wasiohusika, halafu wataalamu wa mifupa, fani niliyomo mimi, wanaingia. Tunalinganisha meno na chati ya jeshi. Tunapima urefu. Tunaangalia mtulinga, mfupa unaotoka begani hadi kifuani: kwa kijana wa miaka 19 ncha yake ya ndani, upande wa kifua, bado haijaungana, wakati kwa mtu wa miaka 30 imeshafunga. Na pale picha ya eksirei ya kifua ya zamani inapopatikana, tunalinganisha umbo la mitulinga kwenye picha na mfupa ulio mezani. Jina hutolewa pale haya yote yanapokubaliana.

Uwezekano ukoje basi? Kwa Marekani nzima, waliopotea tangu Vita vya Pili vya Dunia ni takriban 81,000, na zaidi ya 41,000 kati yao wanadhaniwa kupotelea baharini. Ukitazama namba hizo unaweza kukata tamaa. Lakini Tarawa ni miongoni mwa sehemu zenye matumaini kuliko nyingi: eneo ni dogo, orodha ya waliokufa inajulikana, na kazi inaendelea. Kikwazo cha sasa ni Betio yenyewe, ambako watu wanaishi kwa msongamano mkubwa. Makaburi mengine yako chini ya nyumba, njia na mazizi ya nguruwe ya watu wenye haki zao, na hakuna anayechimba bila ridhaa yao. Kwa familia yenu sampuli inaweza kuleta jibu mwaka ujao, au baada ya miaka 15, au isilete. Bila sampuli, mfupa wake unaweza kuwa umeshawekwa kwenye kisanduku Hawaii na ukaendelea kukaa hapo kwa kukosa wa kulinganishwa naye.

Mkubaliane mapema pia juu ya maana ya kupatikana, kwa sababu watu huumizwa na hili. Pengine itakuwa mifupa karibu yote. Pengine itakuwa taya na mfupa wa paja. Jeshi huleta afisa nyumbani na ripoti nzima, na mtu mmoja wa familia ndiye mwenye mamlaka kisheria ya kuamua atazikwa wapi, na iwapo mabaki mengine yakitambuliwa baadaye familia ijulishwe au la. Gharama za jeneza, kusafirisha na mazishi ya heshima hubebwa na serikali, na anaweza kuzikwa makaburi ya taifa au kwenu, kando ya mama yake. Ulizeni mapema ofisi inamtambua nani kuwa mwenye mamlaka hayo. Nimeona ndugu wakigombana juu ya hilo kwa uchungu kuliko juu ya urithi.

Sasa mama mkwe. Tafadhali msimsukume. Mtaalamu wa Marekani, Pauline Boss, alikaa na familia za wanajeshi waliopotea Vietnam, akaeleza jinsi msiba usio na mwili unavyokataa kufungwa: mtu hajulikani ni wa kuombolezwa au wa kungojwa. Sisi kwetu tunaanua tanga, tunakunja mikeka, na walio hai wanapewa ruhusa ya kurudi kazini na kucheka tena. Mama wa mama mkwe wako hakupata siku hiyo, na binti yake alikua ndani ya nyumba ambamo mikeka haikukunjwa. Anachokiogopa kina sababu.

Lakini kuna jambo ambalo pengine hajaambiwa: si lazima awe yeye. Mumeo au wifi anaweza kutoa sampuli ya mitokondria ile ile, na mama akaachwa apumzike. Itapungua nguvu kidogo kwa upande wa DNA ya kiini, basi. Mwelezeni wazi, msifanye kwa kificho, maana akija kugundua itakuwa jeraha jipya. Na mwambieni kwamba kutoa sampuli si kuahidi kungoja. Anaweza kusugua shavu leo na wiki ijayo mkafanya ibada ya kumbukumbu yake kamili, jina likatajwa, picha ikawekwa, watu wakala. Pwani tunaswali sala ya ghaibu kwa maiti asiyekuwapo, wala hatungoji meli irudi. Jina la mjomba linapaswa kuwa limechongwa kwenye kuta za waliopotea pale Honolulu. Akitambuliwa siku moja, kando yake hutiwa ua dogo la shaba. Ibada mliyofanya haitabatilika kwa hilo.

Akikosa usingizi kwa wiki kadhaa, akiacha kula, au akianza kuzungumza kana kwamba hakuna sababu ya kuendelea kuishi, hapo weka kando barua zangu zote na umpeleke kwa daktari wake siku hiyo hiyo. Kwa hali nyepesi kuliko hiyo, mchungaji wake au mshauri wa mambo ya msiba anafaa. DPAA pia huandaa mikutano ya familia katika miji mbalimbali, ambako mnakaa ana kwa ana na mtu mwenye faili lenu mkononi. Nendeni ikifika karibu nanyi. Kukutana na familia nyingine zenye telegramu kama hiyo humsaidia mtu kuliko maelezo yangu.

Kuhusu babu yenu wa Burma, uchungu wako ni wa haki kabisa. Uingereza ilifuata desturi ya kuzika askari karibu na walipoangukia, bila kuwarudisha, na haina mpango kama huu wa kuzitafuta familia nyumba kwa nyumba. Majina ya waliokufa Burma bila kaburi linalojulikana, karibu 27,000, yameandikwa kwenye mnara wa Rangoon ulioko Taukkyan, na askari wa KAR wamo. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ina daftari lake mtandaoni, linatafutika bure. Jaribu jina lake kwa kila namna karani wa Kizungu angeweza kuliandika, pamoja na jina la baba yake, na kama wazee wamehifadhi namba ya askari au hata nishani yenye maandishi ukingoni, anza na hiyo. Wengi wa Afrika Mashariki wamempata mtu wao humo kwa tahajia ambayo hawakuitegemea.

Kwa sasa mumeo apige ile simu wiki hii, akiwa na telegramu na barua ya 1949 mezani. Aulize mambo matatu: faili linasema alizikwa wapi, ni sampuli za nani zimeshapokelewa, na nani ametambuliwa kuwa mwenye mamlaka ya kuamua. Kisha muombe nakala ya faili. Likifika na mkakuta vifupisho msivyovielewa, niandikie tena, nitawasomea mstari kwa mstari.